Alhamisi Yangu, Jumapili Yake

Mabishano yalikuwa ya kila Jumamosi, na nilikuwa nimeyachoka ingawa nusu yake ilinihusu mimi.

Saluni ya Prodige iko chini ya jengo moja kuukuu katikati ya jiji la Durban, kati ya duka la simu na fundi cherehani. Ina viti vitatu na benchi moja. Wanaokuja ni Wakongo wa Uvira na Bukavu, Warundi wa Bujumbura, na Mtanzania mmoja mmoja. Wanasema wamekuja kunyolewa, lakini wengi wao hawana nywele za kumkalisha mtu saa tatu. Wanakalishwa na swali moja: kati ya Térence na Ezéchiel, ni nani alikuwa kiungo mkubwa zaidi?

Ezéchiel ni mimi. Térence ni Mrundi, rika langu. Mwishoni mwa miaka ya sitini sote wawili tulivaa namba kumi, mimi katika timu ya Umoja ya Uvira, yeye katika Nyota ya Bujumbura, miji miwili inayotazamana kwenye ncha ya ziwa. Kazi yetu ilikuwa moja: kupokea mpira kutoka kwa mabeki, kuinua kichwa, na kuamua nani aupate. Vita vilitutoa makwetu, kila mtu kwa njia yake, na sote tukazeekea Durban. Mimi nalinda magari ya watu karibu na ufuko, nikiwa nimevaa kizibao cha njano. Yeye alilinda magari hayo hayo mpaka goti lake likakataa.

Vijana wa saluni hawakutuona tukicheza hata dakika moja. Wana maneno ya baba zao tu, na kwa maneno hayo wanatupima.

"Papa Térence aliitwa timu ya taifa," alisema mmoja wa benchi Jumamosi hiyo, mwezi wa saba 2011. "Papa Ezéchiel, weye walikuita wapi?"

"Mezani, kula," nilijibu. Wakacheka.

"Timu ya taifa, bon, na kisha?" Prodige alinguruma pamoja na mashine yake iliyokuwa juu ya sikio langu. "Banakupa penalti ya fainali, unaituma mawinguni! Eish! Ule mpira iko hewani mpaka leo. Ndege zinaupisha."

Benchi zima likapiga makofi. Térence alikuwa ameketi pembeni, fimbo katikati ya magoti, macho yamefumbwa. Alijibu kama alivyojibu siku zote, bila hasira.

"Uwanja ulikuwa umelowa, kijana."

"Papa, miaka makumi ine! Maji bado haijakauka tu?"

Nami nilicheka. Sina budi kuliandika hilo.

Mwaka uliotangulia, wakati wa Kombe la Dunia, Mmarekani mmoja aliegesha gari lake kwenye sehemu yangu kwa siku tatu, tukazoeana. Aliniambia kwamba hata katika futiboli ya kwao, inayochezwa zaidi kwa mikono, yuko mtu wa namna yetu. Anasimama nyuma, anapokea mpira, anawatupia wenzake. Timu ikishinda, sifa ni zake peke yake. Ikishindwa, lawama ni zake peke yake. Watu wa huko hubishana maisha yao yote nani alikuwa bora, nao huwapima watu hao kwa pete, maana timu bingwa huvishwa pete.

"Na asiye na pete?" nilimuuliza.

"Huyo watu wanamkumbuka kwa mpira mmoja aliokosea."

Gari lake nilililinda kuliko mengine yote.

Mimi na Térence hatukuwa na pete. Tulikuwa na habari mbili tu, zote za Térence, zote za wiki moja: mwezi wa nane 1969, michuano ya Kigoma. Siku ya Alhamisi, kwenye nusu fainali dhidi ya Reli ya Kigoma, Nyota ilikuwa imefungwa mbili kwa bila. Katika nusu saa ya mwisho namba kumi wao alitoa pasi tatu, na zote tatu zikawa mabao. Jumapili, fainali, namba kumi huyo huyo alipewa penalti ya dakika ya mwisho akaipaisha juu ya mwamba. Redio ilisema jina lake mara mbili wiki ile. Mara ya kwanza Bujumbura iliimba. Mara ya pili ilitukana, na hakuitwa tena timu ya taifa.

Mimi sikuwa na Alhamisi wala Jumapili. Nilikuwa na misimu sita mizuri ya Uvira ambayo haikutangazwa na redio yoyote.

Siku mbili baada ya Jumamosi hiyo ya saluni, Léonce alinifuata kazini. Huyu ni mwenyekiti wa michuano ya jumuiya yetu, ile inayochezwa kila mwaka katika bustani ya Albert Park. Ni mtu wa kanuni. Mwezi huo huo alikuwa ameifukuza timu ya Prodige mashindanoni kwa sababu beki wao mmoja alicheza kwa karatasi ya ukimbizi ya kaka yake. Prodige hakumsamehe.

"Papa Ezéchiel," Léonce aliniambia, "mwaka huu kombe litapewa jina la mzee wetu mmoja. Litaitwa hivyo daima. Kamati inabishania majina mawili, na unayajua."

"Nayajua."

"Kura ziko sawa. Wewe huna doa, lakini pia huna siku. Térence ana siku, lakini ana doa." Alitazama taa za barabarani, kwenye robot, kama mtu anayeogopa kusikika. "Kura ya mwisho ni yangu. Mimi naegemea kwa asiye na doa. Jumapili baada ya misa tunamaliza, na Jumatatu fundi wa Chatsworth anachonga jina."

Aliondoka. Nilisimama na kizibao changu, magari yakitoka bila mimi kuyaona.

Nieleze nilichokuwa nikikitaka, ili nisionekane mtu wa makuu. Nina miaka sitini na nne. Mke wangu amezikwa kambini, Tanzania, kwenye kaburi ambalo sasa hata mwanangu hawezi kulionyesha. Jina langu limeandikwa mahali pamoja tu duniani, kwenye karatasi ya ukimbizi, na kila baada ya miaka miwili napanga foleni kuomba lisifutwe. Jina lililochongwa kwenye chuma halipangi foleni. Nililitaka jina hilo kuliko nilivyowahi kutaka kitu tangu nifike nchi hii.

Lakini sikutaka kulipata kwa sababu ya kukosa doa, kama shuka ambalo halijalaliwa. Nililitaka kwa mpira. Na mpira nilikuwa nao, maana Alhamisi ile ya Kigoma ilikuwa yangu.

Siku zile mchezaji alikuwa na leseni, kadi ndogo yenye picha, na muhuri ulipigwa juu ya picha kwa nguvu hata pua haikuonekana. Mchezaji akiumwa, viongozi walitafuta mtu wa kimo chake na kumpa kadi yake. Timu zote zilifanya hivyo, na hakuna aliyeiita dhambi. Wiki ile Térence alishikwa na malaria usiku wa kuamkia safari. Kiongozi wa Nyota, mzee Dominiki, akavuka mpaka kwa baiskeli mpaka kwetu Uvira akaniambia: kwa siku chache wewe ni Térence. Térence alifichwa Gatumba kwa shangazi yake, mimi nikapanda meli na wenzake. Kigoma hakuna aliyetujua kwa sura. Tuliapa, wachezaji wote, kwa sababu siri ikitoka klabu ingefungiwa. Miaka mitatu haikupita, wengi wao wakawa wamekufa, na si kwa malaria; ulikuwa mwaka wa mauaji kule Burundi. Tukabaki watu wawili wenye kujua, na miguu ikatuleta mji mmoja.

Kwa hiyo Ijumaa nilikwenda kumwomba Térence anifungulie kiapo.

Anaishi Point, mtaa wa karibu na bandari, kwenye moja ya majengo ya zamani ambayo bado hayajapakwa rangi, ghorofa ya nne. Lifti ilikufa kabla hatujafika nchi hii. Nilipumzika kila ghorofa. Libérate, binti yake, alinifungulia mlango akiwa na sare ya hoteli anakofanya usafi, ametoka zamu, viatu mkononi.

"Karibu, mzee. Baba yuko dirishani anahesabu meli."

"Ngapi leo?" nilimuuliza Térence.

"Saba. Na zote zinakwenda kwingine." Alinisogezea kiti kwa fimbo. "Sema, rafiki yangu. Mtu wa miaka yako hapandi ngazi hizi kwa salamu."

Nilimweleza habari za kombe. Kisha nikasema kwamba nataka Alhamisi yangu. Libérate, aliyekuwa akimimina chai, alisimamisha mkono.

"Alhamisi gani?"

Térence alinigeukia mimi. Alinitazama muda mrefu, bila chuki. Ilikuwa ni ile namna aliyokuwa akiutazama uwanja kabla ya kutoa pasi.

"Chukua," alisema. "Ni yako, sijawahi kuila hata siku moja bila kukukumbuka. Lakini ukichukua Alhamisi, Jumapili unamwachia nani?"

Hapo juu nimeandika kwamba Alhamisi ilikuwa yangu, na msomaji ameshajua kwamba meli haikunirudisha Ijumaa. Miaka arobaini na miwili nilikuwa nimejisimulia wiki ile nikikomea Alhamisi. Jumapili niliiacha kwa mwenye leseni.

"Baba," Libérate alisema taratibu, "ile penalti?"

"Nilikuwa Gatumba, mwanangu. Nilikuwa natapika kwenye beseni la shangazi."

Aliweka birika chini.

"Nilipigana shuleni," alisema. "Watoto walipiga mpira juu ya paa la darasa, wakasema nikamwite baba yangu auteremshe. Mwalimu naye alicheka. Mama alihama mtaa kwa sababu ya soko, kila akinunua nyanya mtu anamuuliza kama ataipaisha. Kumbe nilikuwa napigana kwa ajili ya penalti yako, mzee Ezéchiel."

Neno hilo, mzee, alilisema kwa heshima ile ile ya mlangoni. Angenitukana ningepumua.

"Kwa nini hukusema, Baba?"

"Kusema nini? Kadi ilikuwa yangu. Mzee Dominiki aliniomba kwa magoti. Baadaye walikufa wote, nikaona aibu kubishana juu ya mpira." Akaniashiria kwa kidevu. "Na huyu alikuja Gatumba kunirudishia leseni. Habari za ile Alhamisi alinisimulia pasi kwa pasi, hata homa ikashuka. Nikamuuliza, na fainali? Akasema: uwanja ulikuwa umelowa. Basi. Nami nikasema hivyo hivyo."

"Kesho kutwa mimi nitakuwa kwenye mkutano huo," Libérate alisema. "Nitasema."

"Hutasema. Walioapa ni sisi. Na huyu ndiye anayelitaka jina." Alifumba macho. "Kunywa chai yako, Ezéchiel. Ngazi za kushuka ni nyingi kama za kupanda."

Jumapili tulikutana saluni, viti vya kunyolea vimegeuzwa kutazama benchi. Kombe lilikuwa juu ya meza ya vitana, linang'aa, na kwenye ubavu wake palikuwa na kibati kitupu kinachosubiri jina. Térence hakuweza kuja, goti lilikuwa limevimba tena. Libérate alikaa karibu na mlango, mkoba mapajani, na hakunitazama.

Prodige ndiye aliyenitetea. Alisimama kama wakili.

"Mimi nasema hivi. Mtoto anabeba hii kombe, anauliza: huyu Térence ni nani? Unamjibu nini? Ni yule wa penalti? Non. Papa Ezéchiel hana mambo. Hakukosea kitu."

"Hakufanya kitu pia," mtu alisema.

"Afadhali! Mtu hakufanya kitu, hana aibu."

Walicheka, na Léonce akagonga meza kwa kitana.

"Papa Ezéchiel, wewe una neno kabla sijatoa kura yangu?"

Hapo ningeweza kukaa kimya. Ningetikisa kichwa tu, na Jumatatu mashine ya fundi ingeanza kuchonga herufi ya kwanza ya jina langu. Nilikuwa nimechoka, magoti yakiuma kwa zile ngazi za Ijumaa, na kukaa kimya ndiyo kazi niliyoizoea kuliko zote. Nililitazama lile kombe. Lilionyesha nyuso zetu zote zimevutwa, ndefu, kama za watu wasiojulikana.

Nikasimama. Nilianza na Jumapili, kwa sababu nilijua nikianza na Alhamisi nitakomea hapo tena. Nikasema penalti ile niliipiga mimi, kwa leseni ya Térence, naye alikuwa mgonjwa Gatumba, hakuugusa mpira wiki nzima. Kisha nikasema Alhamisi. Pasi tatu sikuzieleza. Nilikuwa nimejiandaa miaka arobaini kuzieleza, na siku yenyewe ilipofika zilinitoka kwa sentensi moja.

Nje makondakta wa taxi, daladala za huku, walikuwa wakiita abiria.

Prodige ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema. Hakucheka.

"Kwa hiyo ulicheza kwa karatasi ya mtu."

"Ndiyo."

"Sisi mlitufukuza kwa hiyo!" Akamgeukia Léonce, mikono hewani. "Beki yangu ni ndugu ya damu ya mwenye karatasi! Ndugu! Na huyu hata taifa si moja!"

"Zamani zile wote walifanya hivyo," mtu wa benchi alisema.

"Na sasa wote wanafanya, papa! Hamutuambie!"

Léonce alikuwa amevua miwani, anaifuta kwa shati. Niliona anatafuta njia ya kuniokoa na anaikosa.

"Kanuni ni kanuni," alisema mwishoni. "Siwezi kumfukuza kijana kwa kosa hilo na kumchonga mzee kwa kosa hilo hilo. Na Térence alitoa kadi yake, naye yumo. Kombe litaitwa Kombe la Maziwa Makuu. Tumemaliza."

Walitoka wawili wawili wakibishana, sauti chini, kama watu wanaotoka msibani. Nilidhani Libérate ataondoka nao. Alikuja mpaka mbele yangu, akarekebisha kola ya koti langu iliyokuwa imekunjika.

"Angalau leo umefika Jumapili," alisema, na akaenda zake kazini.

Jumamosi iliyofuata nilijiambia nisiende saluni. Nikaenda. Mzee hana mahali pengi pa kwenda. Térence alikuwa kwenye kiti cha katikati, taulo shingoni. Prodige na mwenzake walikuwa wamembeba kutoka ghorofa ya nne mpaka chini, na sikuuliza ni nani aliyetoa wazo hilo. Alikuwa ananyolewa polepole, kwa adabu, na hakuna aliyemtania. Sikumbuki kama niliwahi kumwona akinyolewa bila kutaniwa.

"Ah!" Prodige aliniona kwenye kioo. "Papa Penalti! Ingia, ingia. Chunga kichwa, mpira unaweza kushuka."

Benchi likaangua kicheko. Nilikaa nikaweka kofia yangu kwenye goti. Kombe halikupata jina, mimi nimelipata.

"Ulipiga na mguu gani, papa?" kijana mmoja aliuliza.

"Wa kulia."

"Na kipa alikwenda wapi?"

"Hakwenda popote. Alisimama akiutazama unavyopita."

"Eish!"

Prodige alizima mashine. Nadhani alinionea huruma kidogo, maana alinitafutia kijia cha kupitia.

"Lakini papa, kweli uwanja ulikuwa umelowa, ama?"

Wote walingoja. Nilikitazama kisogo cha Térence, cheupe kwa poda.

"Hapana," nilisema. "Ulikuwa mkavu."

Térence hakugeuka. Alinitazama kupitia kioo, akainua fimbo kidogo kutoka sakafuni, kisha akaishusha.

"Nilijua," alisema. "Kigoma mwezi wa nane mvua hainyeshi."

Akafumba macho, akainamisha kichwa ili Prodige amalizie upande wa pili.